Upande wa Korido

Mezani pangu pana behewa la modeli lenye urefu wa milimita 246, ambalo nimelifanyia kazi kwa miaka miwili na bado halijaisha. Ni behewa la daraja la tatu, lenye vyumba na korido, la aina iliyoundwa kwenye karakana ya Doncaster, kaskazini mwa Uingereza, katika miaka ya 1920 kwa ajili ya kampuni ya London and North Eastern Railway, maarufu kama LNER. Behewa halisi lilikuwa na urefu wa futi 61 na inchi 6 na upana wa futi 9, na ubavu wake wote ulikuwa wa mbao za mtiki zilizopakwa vanishi tu, bila rangi. Upande mmoja, ule wenye mlango kwa kila chumba, umekamilika. Upande wa pili, wa korido, ndio ulionichelewesha, na ningependa kueleza kilichonichelewesha, kwa sababu katika kazi hii mikono huchoka kidogo tu, lakini kutafuta kujua huchukua miaka.

Nilizaliwa Tanga, na baba yangu alikuwa seremala. Mtiki aliokuwa akiupata ulitoka kwenye mashamba ya Longuza, upande wa Muheza, naye aliuheshimu kuliko mbao nyingine zote, kwa kuwa mafuta yaliyomo ndani yake huukinga usiliwe na mchwa wala usioze upesi unapolowa. Nilikulia kwenye maranda yake. Miaka mingi baadaye, nikiwa mkazi wa kaskazini mwa Uingereza, nilisimama kwenye stesheni moja ya reli ya North Yorkshire Moors, ambako watu wa kujitolea wameyafufua mabehewa kadhaa ya mtiki, na kabla sijasoma kibao chochote nilikuwa nimekwisha kuitambua mbao ile kwa jicho na kwa kidole. Mtiki wa Doncaster haukutoka Tanga. Ulitoka Burma, iliyokuwa wakati huo chini ya utawala wa Uingereza. Hata hivyo nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na hamu ya kujua namna mafundi wale walivyoupasua, walivyoupanga na walivyoutunza, na modeli ndiyo njia niliyoichagua ya kujifunza.

Mabehewa haya yalibuniwa chini ya Nigel Gresley, aliyeanza kuyasimamia mabehewa ya kampuni ya Great Northern huko Doncaster mwaka 1905. Makampuni mengi ya reli ya Uingereza yalipounganishwa kuwa manne makubwa mwaka 1923, yeye akawa mhandisi mkuu wa mitambo wa LNER, na akabaki hapo hadi alipofariki mwaka 1941. Ulimwengu unamkumbuka kwa injini zake, hasa Mallard, ambayo tarehe 3 Julai 1938 ilifikia mwendo wa maili 126 kwa saa. Lakini abiria hakusafiri ndani ya injini. Hata miongoni mwa mabehewa, yaliyoandikwa na kupigwa picha sana ni yale ya fahari, kama yale ya treni ya Flying Scotsman, ambayo kuanzia tarehe 1 Mei 1928 ilikwenda kutoka King's Cross, London, mpaka Edinburgh, zaidi ya maili 390, bila kusimama njiani, na ndani yake mlikuwa na hata chumba cha kinyozi. Behewa la daraja la tatu, lililowapeleka makarani na wafanyakazi wa viwandani pamoja na watoto wao kupunga upepo wa bahari, lilijengwa kwa wingi, likatumika mpaka likachakaa, na wakati wote huo hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu angeuliza vishikizo vya milango yake vilikaa wapi.

Kabla ya kupima chochote, mtengenezaji wa modeli anapaswa kuamua tarehe. Anayesema anatengeneza "behewa la LNER" bado hajasema kitu, kwa maana behewa moja lilibadilika mara nyingi katika maisha yake. Lilipotoka karakana lilikuwa la mtiki unaong'aa, lenye paa jeupe na namba ambayo tarakimu yake ya kwanza, kwa utaratibu ulioanza mwaka 1925, ilionyesha eneo lililolimiliki: 4 kwa sehemu iliyokuwa ya Great Northern, 6 kwa ile ya Great Eastern, na kadhalika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hapakuwa na watu wala vifaa vya kuhangaika na vanishi, hivyo mengi yakapakwa rangi ya hudhurungi iliyo wazi. Katika miaka ile ile ya 1940 namba zikabadilishwa upya. Tarehe 1 Januari 1948 reli zikataifishwa, na kuanzia mwaka 1949 mabehewa ya safari ndefu yakaanza kupakwa nyekundu iliyoiva na krimu, kisha kuanzia 1956 rangi ya damu ya mzee. Mwaka huo huo, mwezi Juni, daraja la tatu lenyewe likabadilishwa jina na kuitwa la pili. Kwa hiyo mtu anayeweka namba ya 1930 juu ya rangi ya 1950 ametengeneza kitu ambacho hakikuwahi kuwepo hata kwa siku moja. Mimi nimechagua mwezi Agosti mwaka 1934, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Baada ya tarehe huja karatasi. Kila kampuni ilikuwa na kitabu cha michoro ya jumla, kila aina ya behewa na namba yake, ikionyesha urefu, upana, idadi ya viti na mgawanyo wa vyumba. Michoro hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa ofisini, waliotaka kujua behewa lina viti vingapi na litapita wapi, na haikukusudiwa kumwelekeza fundi. Anayeitegemea peke yake atapata idadi sahihi ya madirisha yaliyokaa mahali pasipo pake. Michoro ya karakana ni kitu kingine kabisa: mikubwa, mingi, yenye mikato ya ndani na vipimo mpaka sehemu za inchi. Mingi ya Doncaster imehifadhiwa kwenye Jumba la Makumbusho la Taifa la Reli mjini York, na mingine ya makampuni mbalimbali, pamoja na maelfu ya picha, inatunzwa na Historical Model Railway Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1950 na ambacho kina kituo chake cha utafiti huko Butterley. Hata hivyo, mchoro wa karakana huonyesha kile mhandisi alichokusudia. Msimamizi wa zamu angeweza kuagiza kitu kisogezwe, au kitumike kifaa kilichobaki kwenye kazi nyingine, na mabadiliko hayo hayakurudishwa kwenye karatasi kila mara.

Na karatasi yenyewe huongopa kidogo. Jaribio langu la kwanza la behewa hili lilifuata nakala ya mchoro ambayo mtu mmoja alinipa kwa ukarimu, nayo ilikuwa nakala ya nakala. Nilipima kwa uangalifu mkubwa, nikakata ubavu mzima kwenye plastiki nyembamba, dirisha baada ya dirisha, kazi ya majuma sita, kisha nilipouweka juu ya chasisi ukapungua milimita tatu. Mashine ya kunakili ilikuwa imebana urefu bila kubana kimo kwa kiwango kile kile. Tangu siku hiyo sipimi mchoro kwa rula. Nasoma tarakimu zilizoandikwa juu yake, na pale ambapo hapakuandikwa tarakimu, nautafuta uwiano kutoka kwenye kipimo kilichoandikwa jirani yake, kwa wima na kwa ulalo, kila kimoja peke yake.

Picha ndizo zinazosahihisha michoro, lakini nazo zina tabia zake. Wapiga picha wa reli wa zama hizo walikuwa wakitafuta injini. Walisimama kando ya njia, mahali pazuri pa jua, wakangoja treni itokee, na walipobonyeza kitufe injini ilikuwa mbele, kubwa na kali, huku mabehewa yakififia nyuma yake ndani ya mvuke na ukungu wa lenzi. Nimepitia mamia ya picha ambamo behewa ninalolitaka ni la tatu kutoka mbele, na ninachoweza kuhesabu ni matundu ya hewa ya paa na labda pembe ya dirisha moja. Zaidi ya hayo, behewa lenye korido lina pande mbili zisizofanana. Upande mmoja una mlango kwa kila chumba. Upande mwingine una milango michache na madirisha makubwa ya korido. Picha rasmi ya karakana, iliyopigwa behewa likiwa jipya na limesimama peke yake kwenye mwanga mzuri, mara nyingi huonyesha upande mmoja tu, na kwa aina yangu ulikuwa upande wa vyumba.

Rangi ni mtego mkubwa zaidi, kwa sababu picha nyeusi na nyeupe haimaanishi kwamba kila rangi imegeuzwa kijivu kwa haki. Filamu zilizotumika kwa miaka mingi, na ambazo wapenzi wengi wa reli waliendelea kuzitumia hata katika miaka ya 1930, hazikuhisi mwanga mwekundu. Juu ya filamu ya namna hiyo, nyekundu hutoka nyeusi na buluu hupauka mpaka ikakaribia nyeupe. Mabehewa ya kampuni ya Midland, yaliyokuwa ya rangi nyekundu nzito yenye kuvutia, huonekana kwenye picha hizo kama yametoka kupakwa lami. Mtiki, ambao una wekundu na uchungwa ndani yake, nao huonekana mweusi na mchafu, na nimewahi kuona modeli zilizotengenezwa kwa uaminifu kamili kwa picha hizo, zikiwa na rangi ya kahawa iliyoungua, wakati kipande cha mtiki halisi kilichosafishwa kina rangi inayokaribia asali. Kwa hiyo kabla ya kuiamini picha ni lazima kwanza kuiuliza filamu: je, bendera nyekundu ya mlinzi wa treni imetoka nyeusi? Je, anga la buluu limekuwa jeupe tupu? Mtu akishapata majibu hayo, anaweza kuanza kusoma yaliyobaki.

Paa lina hadithi fupi lakini nzuri. Lilipakwa rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa risasi, na moshi wa makaa ya mawe una salfa. Risasi na salfa zikikutana hufanya mchanganyiko mweusi, achilia mbali masizi yenyewe. Paa jeupe kwa hiyo lilikuwa jeupe kwa majuma machache tu, kisha likawa la kijivu, kisha karibu jeusi, na treni moja ingeweza kuwa na mapaa ya vivuli vitano tofauti kulingana na muda tangu kila behewa litoke karakana. Picha za kuyaonyesha mapaa ni chache, kwa kuwa zinahitaji mtu aliyesimama juu ya daraja la waenda kwa miguu. Nikizipata, nazithamini kuliko picha kumi za injini.

Wengi hudhani kwamba mabehewa yaliyohifadhiwa humaliza maswali yote, na mimi pia nilidhani hivyo. Nilikwenda na rula, daftari na tochi, nikalala chali kando ya reli kwa ruhusa ya wenyewe, nikachora kila kitu kilichokuwa chini ya sakafu. Niliporudi nyumbani nilitengeneza chasisi nzuri sana, yenye kenchi za vyuma vya pembe zinazobeba uzito wa katikati ya behewa. Miezi minne baadaye, nikisoma michoro ya mwaka wa kujengwa kwa behewa langu, nikatambua kwamba mabehewa ya mwanzoni mwa LNER hayakuwa na kenchi za namna hiyo. Yalikuwa na vyuma vinavyokazwa kwa skrubu kubwa katikati, na vyuma vya pembe vilikuja baadaye. Behewa nililolipima lilikuwa la ukoo ule ule lakini dogo kwa miaka kadhaa. Nilihuzunika kweli, kwani lehemu ilikuwa imekaa safi kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Niliivunja. Behewa lililohifadhiwa ni shahidi mwaminifu wa siku lilipostaafu na wa mikono iliyolitengeneza upya. Limebadilishwa taa, breki, vitasa na mara nyingine mbao zenyewe, na kila badiliko lilikuwa na sababu nzuri kwa wakati wake.

Nimetaja sehemu ya chini ya sakafu, nami nina mapenzi ya pekee na sehemu hiyo, ingawa mtazamaji wa modeli haioni mpaka aligeuze behewa. Pale chini ndipo yalipoandikwa mambo ambayo reli ya Uingereza ilijifunza kwa maisha ya watu. Mwezi Juni mwaka 1889, karibu na Armagh, Ireland, treni ya matembezi iliyojaa watoto na wazazi wao ilishindwa kupanda mlima. Mabehewa ya nyuma yakakatwa yaachwe pale huku ya mbele yakipelekwa juu, lakini breki zao zilikuwa za aina inayopoteza nguvu mara behewa linapotenganishwa na injini. Yakarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni iliyokuwa ikifuata, na watu wapatao 80 wakafa. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kulazimisha breki zinazojifunga zenyewe treni ikikatika. Ndiyo maana chini ya behewa langu pana silinda za breki ya vakyumu. Kwenye mabehewa yaliyotumika pia katika maeneo ya North Eastern na Great Eastern ya zamani, ambayo yalikuwa yamechagua breki ya hewa ya Westinghouse, zinaweza kukutwa silinda za aina zote mbili zikikaa pamoja.

Taa nazo zina kumbukumbu yake. Kwa miongo mingi mabehewa yalimulikwa kwa gesi iliyobebwa kwenye mitungi mirefu chini ya sakafu. Tarehe 22 Mei 1915, huko Quintinshill, karibu na mpaka wa Scotland, treni iliyobeba wanajeshi iligonga treni nyingine na kisha ya tatu ikazigonga zote; mabehewa yalikuwa ya mbao, mitungi ya gesi ikapasuka, na moto ulioendelea kwa saa nyingi ukawaua watu wengi waliokuwa wamenusurika kwenye mgongano. Waliokufa walizidi 200. Behewa langu la miaka ya 1920 halina mitungi hiyo. Lina masanduku ya betri na dainamo iliyozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye ekseli. Ninapokata masanduku hayo kwenye plastiki, kila moja likiwa dogo kama punje ya mahindi, sihesabu kazi hiyo kuwa ya ziada.

Kuhusu kipimo nitasema machache. Ninatumia milimita 4 kwa kila futi moja, yaani uwiano wa 1 kwa 76.2, ambao ndio unaotumiwa na watengenezaji wengi wa Uingereza. Reli za madukani za kipimo hiki zina upana wa milimita 16.5, sawa na futi 4 na inchi 1 na nusu, wakati reli halisi ina futi 4 na inchi 8 na nusu. Tofauti hiyo ya inchi saba ilitokana na injini ndogo za umeme za zamani, ambazo hazikuweza kuingia ndani ya vichwa vyembamba vya treni za Uingereza vilipotengenezwa kwa kipimo kidogo zaidi. Mwili ukakuzwa, reli zikaachwa. Wapo waliotengeneza reli za milimita 18.83 ili kuondoa kasoro hiyo, na mimi niko pamoja nao, kwa kuwa bogi, yaani vile vigari vya magurudumu manne vinavyobeba kila ncha ya behewa, hukaa vibaya machoni pangu zikibanwa.

Sasa mtiki. Watu huniuliza kwa nini nisitumie vipande vya mtiki halisi, hasa mimi niliyezaliwa kwa seremala. Jibu ni kwamba nyuzi za mbao hazipungui mtu anapopunguza behewa. Mchirizi wenye upana wa milimita moja kwenye mbao halisi, ukiwekwa kwenye modeli, unakuwa sawa na mchirizi wa milimita 76 kwenye behewa, na hakuna mti duniani wenye nyuzi za namna hiyo. Lazima mbao ichorwe. Ninaanza na rangi ya msingi ya njano iliyofifia inayoelekea chungwa, ninaiacha ikauke kwa siku mbili, kisha ninapitisha rangi ya mafuta ya hudhurungi kwa brashi ngumu iliyokaushwa karibu yote, nikiivuta kwa mkono mmoja bila kusita, ubao mmoja baada ya mwingine. Mbao mbili zilizopakana hazipaswi kufanana, kwa maana zilitoka kwenye miti tofauti na kuzeeka tofauti; iliyobadilishwa baada ya ajali ndogo ya kwenye yadi huwa na rangi changa kati ya wazee. Juu ya yote huja vanishi yenye tone la rangi ya kahawia, inayozifanya mbao hizo zote kuwa ndugu. Vifito vinavyofunika maungio, ambavyo kwenye behewa halisi vilikuwa na unene wa kama nusu inchi, kwangu vina sehemu 17 za milimita moja iliyogawanywa mia, na mkono unaotetemeka kidogo tu huvifanya vinene kama bomba la maji.

Kilichonigusa zaidi nilipokuwa nikijifunza upakaji huu ni kugundua kwamba mafundi wa LNER waliwahi kufanya jambo lile lile ninalolifanya mimi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilianza kupokea mabehewa yenye mabati ya chuma ubavuni, na kwa kuwa treni zake zilijulikana kwa mtiki, mabati hayo yalipakwa rangi kwa mkono ili yafanane na mbao, nyuzi kwa nyuzi. Fundi mwenye brashi alisimama mbele ya chuma tupu chenye urefu wa futi 61 na kuchora msitu wa Burma juu yake. Sijui kazi nyingine ya karakana iliyohitaji subira ya namna ile kwa behewa ambalo lingekwenda kukaa kwenye moshi. Ninapochora mtiki juu ya plastiki najiona nimesimama mwishoni kabisa mwa foleni ya mafundi wale.

Behewa moja, hata likiwa sahihi, halisemi mengi mpaka lijulikane lilifungwa nyuma ya lipi na mbele ya lipi. Kampuni ilichapisha kwa kila msimu wa ratiba vitabu vya mpangilio wa mabehewa, vilivyotumiwa na walinzi wa treni na watu wa yadi, vikieleza kwa vifupisho treni ya saa fulani iwe na mabehewa gani, kwa utaratibu gani, na lipi likatwe kwenye stesheni ipi ili lichukuliwe na treni nyingine. Msimu ulipokwisha vilikuwa takataka. Vilivyobaki vimebaki kwa sababu mtu mmoja alisahau kimoja kwenye droo. Nilipokisoma kwa mara ya kwanza kitabu cha namna hiyo nilielewa kwamba nilikuwa nimepanga treni yangu kama mtu anayepanga vyombo kabatini, vyote vya aina moja na vya urefu mmoja, ilhali treni halisi ya Agosti ilikuwa mchanganyiko: mtiki mpya, mtiki wa zamani wa Great Northern, behewa fupi la North Eastern lililoazimwa kwa sababu ya wingi wa abiria wa likizo, na behewa moja la kwenda pwani litakalokatwa York. Ilinibidi niongeze mabehewa matatu kwenye mpango wangu, na ndiyo maana nasema kwamba kazi hii haitaisha mwaka huu.

Wapo Waingereza walioniuliza, kwa upole, kwa nini mtu wa Tanga ajishughulishe na mambo haya. Huwa nawaelekeza Long Wittenham, kijiji cha Oxfordshire, kwenye Pendon, jumba la makumbusho ya modeli. Lilianzishwa na Roye England, aliyefika kutoka Australia mwaka 1925, akaona vijiji vya bonde la White Horse vikibadilika, akaamua kuvihifadhi kwa kipimo cha milimita 4 kwa futi, nyumba kwa nyumba, pamoja na reli yao. Wenyeji walikuwa wakiviona kila siku, kwa hiyo hawakuviangalia. Kwetu pia ni hivyo hivyo. Kwenye Jumba la Makumbusho ya Reli mjini Nairobi limehifadhiwa behewa ambalo mwaka 1900, lilipokuwa limesimama Kima, simba aliingia na kumchukua afisa wa polisi Charles Ryall. Limehifadhiwa kwa ajili ya simba. Behewa la daraja la tatu lililowabeba babu zetu na vikapu vyao, ambalo hakuna simba aliyeingia ndani yake, ningependa nalo lingepata mtu wa kulipima lilipokuwa bado linatembea.

Na hapo narudi kwenye upande wa korido na kwenye Agosti 1934. Miaka mitatu iliyopita, kwenye meza ya vitu vikuukuu sokoni, nilinunua kwa pauni moja bahasha ya picha za familia nisiyoijua. Mojawapo inaonyesha mama, baba na watoto watatu kwenye stesheni, na masanduku yao miguuni, wakicheka kwa namna watu wanavyocheka wanapokwenda baharini. Nyuma ya picha pameandikwa kwa penseli mwezi na mwaka. Nyuma yao, kwa ukali wa ajabu kwa kamera ya bei nafuu, limesimama behewa la mtiki la daraja la tatu, na upande unaoonekana ni wa korido. Hawakukusudia kulipiga picha. Kutoka kwenye picha hiyo nimepata mahali pa milango miwili, kimo cha mbao za mlalo za kushikilia madirishani, na dirisha la choo lenye kioo kisichopenyeka kwa macho. Kwa kuwa umbali kati ya magurudumu ya bogi ya Gresley ni futi 8 na inchi 6, nimeutumia umbali huo kama rula ya kupimia yaliyo juu yake, nikirekebisha kwa ajili ya pembe ya kamera.

Mama amevaa kofia pana ya majani. Imefunika sehemu ya mlango wa tatu, kuanzia kitasa mpaka ukingo wa chini wa dirisha, na ni sehemu hiyo hiyo ambayo nakala zote za michoro nilizo nazo zimefifia. Nimeomba miadi York, kwenye maktaba ya makumbusho, wanitolee karatasi ya asili ya milango. Ni Jumanne ijayo, saa nne asubuhi. Nimekwisha kuchonga penseli, nimefunga kioo cha kukuzia kwenye kitambaa, na ubavu wa korido nimeuacha mezani ukiwa na nafasi moja wazi, upana wa milimita nane.